Fromaji Haijue Kilio

Wajukuu wangu, na nyinyi wote wenye munapitaka ku mulango yangu hapa Mweso kuniuliza namna gani muntu anaanzisha kazi yake mwenyewe: nitawaambia, lakini sitawabembeleza. Kila moja wenu iko na ndoto. Neema anataka atelier ya kushona. Mwingine anataka pikipiki tatu, awe bosi ya wamotari. Mwingine anataka kuuza viazi mpaka Kinshasa, na bado hajauza hata ndoo moja hapa ku soko. Muzuri. Mimi pia nilikuwa na yangu. Nilitaka nyumba ya fromaji, ile jibini ya maziwa, yenye iko yangu, na mulango yangu, na ufunguo imefungwa mu kitambaa yangu. Nikaipata. Kisha siku moja nilikuwa nimekaa ku mukeka, sina ruhusa ya kusimama, nikasikia harufu yake inaharibikia inje ku jua.

Nitafika pale. Mbele mujue kazi yenyewe.

Fromaji inaanza ku maziwa, na maziwa inaanza ku uongo. Muchungaji anakuletea bidoni, ile dumu ya maziwa, anacheka, anakusalimia mpaka kwa shangazi yako: pale ujue ameongeza maji ya mutoni. Mashine ya kupima sikukuwa nayo. Unachovya kijiti, unaangusha tone moja ku ukucha ya kidole gumba. Maziwa ya kweli inakaa pale, imevimba kama jicho ya kuku. Yenye maji inakimbia. Nilikuwa ninafanya vile mbele ya kila muntu, hata mbele ya katekista. Na siku moja tone ya katekista ilikimbia. Akasema, "Mama Riziki, leo ng'ombe ilikunywa sana." Nikamujibu, "Basi Papa, irudie nyumbani ikojoe kwanza, kisha ulete maziwa." Watu walicheka mpaka bidoni zikamwangika. Hakuleta maji tena.

Na mimi haiko muntu ya ng'ombe, musifikiri. Nilizaliwa Walikale, mu pori, kwenye watu wanajua mafuta ya ngazi, ile ya mawese, nyama ya kukausha ku moshi, na ndizi. Ng'ombe nilikuwa ninaiona ku picha ya kitabu ya masomo tu, na ile masomo yenyewe niliachia mwaka wa tatu ya primeri. Nilipanda huku Masisi juu ya ndoa. Baridi ikanipokea, kisha wakanipa kikombe ya maziwa yenye kuchacha. Nikainywa yote juu ya heshima ya mama-mukwe, nikaenda kuitapika nyuma ya nyumba. Wakasema, "Huyu amekwisha kuwa na mimba." Siku mbili tu ya ndoa!

Fromaji nilijifunzia kwa Papa Bauma, muzee mufupi wa kofia ya sufu, mwenye alijifunzaka kwa mapadri zamani. Alinikamata kwa kazi ya kuosha sufuria. Siku ya kwanza akaniambia, "Linda hii sufuria, usiiguse, ninarudi." Nikalinda. Nikaona maziwa imeacha kuwa maji. Imeshikana, inatetemeka. Kwetu, kintu yenye ilikuwa maji asubuhi na saa hii iko vile, unaimwanga. Nikajisemea, yoo, imeharibikia mu mikono yangu, atanifukuza. Nikaibeba yote nikaimwangia nguruwe ya jirani, nikarudi nikasugua sufuria mpaka ikangaa.

Papa Bauma akafika. Akaangalia sufuria. Akaniangalia.

"Mutoto ya Walikale, maziwa iko wapi?"

"Papa, ilioza. Nikaipatia nguruwe."

Akaenda kuchungulia nguruwe. Ilikuwa imelala ubavu, inapumua kwa shida, mudomo mweupe. Muzee akakaa chini ku udongo. "Hata baba yangu," akasema, "hata baba yangu mwenyewe hakukulaka vile ile nguruwe imekula leo."

Hakunifukuza. Alinikalisha pale tena kesho yake, mbele ya sufuria ingine, na akaniambia niingize kidole. Kama imekamata muzuri, ukiinua kidole, ile maziwa inapasuka mustari moja safi, kama ini ya mbuzi chini ya kisu. Kama inashika kidole, ngojea. Njo vile nilijua kama kazi yangu inaanzia pale kwenye macho yangu yaliona kuoza.

Ingine nawapatia bure, muandike. Joto ya maziwa unapima na kiwiko, iwe kama maji ya kuosha mutoto mwenye kuzaliwa jana. Maji ya chumvi unapima na yai: ikizama, ongeza chumvi, ikielea na kuonyesha kichwa, imetosha. Mawe ya kukandamiza, uyachague wewe mwenyewe mutoni, yenye tumbo tambarare, na usiazime muntu hata moja. Kisha fromaji inalala ku mbao, mu giza na baridi, na kila asubuhi unaigeuza na kuipanguza na kitambaa ya maji ya chumvi. Kila asubuhi. Noeli, Pasaka, siku ya mafua. Usipoigeuza inashika ubao, inaota manyoya, inalia maji chini. Nao zile mbao, zikitoka chini ya fromaji, unaziosha na kuzianika ku jua kali, sababu jua inaua ile uchafu yenye macho haione.

Mutakumbuka ile ya mbao ku jua.

Sasa dawa. Maziwa haikamatake yenyewe vile fromaji inataka. Inaombaka tumbo ya mutoto ya ng'ombe, ile yenye bado haijaonja majani. Unaisafisha, unaipaka chumvi, unaitundika juu ya moshi mpaka inakauka kama kiatu ya zamani. Unakata kipande, unailoweka, ile maji yake njo dawa. Leo munanunua unga mu chupa kutoka Goma, nasikia inafanya kazi. Zamani ilikuwa tumbo, na kipimo ilikuwa siri ya Papa Bauma. Saa ya kuitia anatufukuza: "Endeni mutafute kuni!" Kuni imejaa mpaka ku paa, na sisi tunaenda kutafuta kuni. Ile kipimo nilimuiba. Nilichungulia tundu ya ukuta muda murefu, nikajua kikombe gani, nikajua anaijaza mpaka ku ufa yake. Na siku niliijua, niliapa kama yangu hakuna mwenye atachungulia.

Alinifundisha kujitayarisha lakini, ile sikatae. Matumbo mbili ku moshi, kamwe si moja. Chumvi pahali mbili. Kuni ya juma moja chini ya paa. Na kando ya mulango, kifuko: kipande ya dawa, kitambaa, kikombe. Tukisikia risasi, muntu anabeba mutoto na kifuko. Sufuria unaweza kuazima kila pahali kwenye mutalala, hata mu nyumba ya masomo, hata mu kanisa. Ile tumbo kavu hakuna mwenye atakuazimia. Mara ngapi tulikimbia, sihesabu, nyinyi pia munajua. Kila mara nilirudia na kifuko, na ndani ya siku ine nilikuwa napika tena. Nilijisikia mwanamuke mwenye amejitayarisha kwa yote.

Bwana yangu, Papa Riziki, njo alinijengea nyumba. Aliichimba mu ubavu ya kilima, mulango upande kwenye jua haifike, mbao akazipasua yeye mwenyewe na musumeno ya watu wawili, na mwenzake ku ule upande ingine alikuwa mimi. Hakukuwa muntu ya maneno mingi. Nilipogeuza fromaji ya kwanza ku ile mbao yake, alinusa, akasema, "Inanuka muguu." Kisha akakula nusu.

Dada yake mudogo, Sifa, alikuwa anakuja kila siku. Alikuwa ameachwa na bwana, anaishi kwa mama yake, mikono haina kazi. "Mulamu, nikusaidie?" Na mimi: "Nenda uoshe mbao, uzianike ku jua." "Na ndani?" "Ndani iko yangu." Ninageuza ufunguo, ninaufunga mu kitambaa. Kusema kweli nilimuogopa. Alikuwa na mikono ya haraka na macho yenye kutafuta. Nilimuona ni mimi kwa Papa Bauma, ku tundu ya ukuta.

Kisha akafika Mama Espérance, muchuuzi wa Goma, mwanamuke munene mwenye ku soko watu wanamupisha. Alikata fromaji yangu, akaitafuna amefunga macho. Akasema, "Uniwekee zote zenye ziko ku mbao. Nitapita siku ya soko ya mwisho ya mwezi. Zikiwa sawa na hii, nitakamata yako kila mwezi. Zikiwa hovyo, usinifuate, niko na wengine." Ku mbao ilikuwa fromaji makumi ine. Ilibakia juma tatu ya kuzigeuza.

Juma ya kwanza ikiisha, tumbo ikamukamata Papa Riziki shambani. Tulimubeba ku kitanda ya miti, wanaume wakibadilishana, tukipanda na kushuka mpaka ku hospitali. Alifika akiwa bado anaongea. Asubuhi hakuongea tena.

Sasa sikilizeni desturi yetu ku ile kilima. Mujane anakaa ku mukeka. Hagusi jembe, hagusi sufuria, hachoti maji, hapandishi sauti, mpaka siku familia inatosha kilio, njo kumaliza matanga. Mwenye anasimama kufanya kazi, wanasema alikuwa anangojea bwana afe. Ile neno ikikushika, haitoke. Watoto wako wanakua nayo. Na mimi nilikuwa tayari mugeni, wa pori. Na kisha sikutaka kusimama. Musifikiri nilikuwa nimefungwa na kamba. Nilitaka kukaa pale na kumulilia.

Lakini kaka mukubwa ya bwana yangu, Papa Musafiri, alikuja kukaa mbele yangu siku ya pili. Alisema polepole, sio kwa ubaya. "Mama Riziki, ile nyumba ya chini iko mu shamba ya familia. Mudogo wangu aliijenga, sawa. Kama inatembea, ukule nayo na watoto. Kama imesimama, siku ya kutosha kilio nitaingiza viazi yangu ya mbegu, juu inapata baridi muzuri." Nikaitika na kichwa. Na kichwa ile ile ilikuwa inahesabu: jana hazikugeuzwa. Leo hazikugeuzwa.

Ufunguo ulikuwa mu kitambaa yangu. Ninaomboleza, na ufunguo unanichoma ku tumbo. Nilimuita Sifa, nikamupatia, nikamunongoneza ku sikio, "Angalia fromaji." Neno mbili. Muangalie ujinga yangu. Miaka yote nilimufungia mulango, kisha siku ya moto ninamupatia neno mbili, na ninafikiri nimejitayarisha.

Siku iliyofuata, jua imesimama katikati, wamama wananizunguka wanaimba, nikasikia harufu. Nono. Tamu vibaya. Mafuta yenye kutoka jasho. Nilijua mbele ya kuuliza. Nikamufanyia Sifa alama na kidole.

"Sifa. Ile harufu ni nini?"

Alikuja amechoka, lakini uso unangaa, muntu mwenye anangojea asante. "Mulamu, usijisumbue. Nilikuta zote zimeota manyoya. Yote! Nikazitosha inje, nikazisugua na sabuni, nikazianika ku mikeka tangu asubuhi. Zinakauka muzuri."

Kama muhogo. Alizianika kama muhogo. Na nani alimufundisha kama ku jua njo uchafu unakufa? Mimi. Kila siku nilimutuma na mbao ku jua, na kamwe sikumuambia kama yenye inalala juu ya ubao, fromaji yenyewe, haitake kuona jua hata kwa tundu ya mulango.

Nilifungua mudomo. Ilikuwa na maneno mu mudomo yangu, watoto, yenye ingekata ile mwanamuke vipande. Na miguu yangu ilikuwa imekwisha kujikusanya chini ya liputa, kitenge yangu, ili nisimame nikimbie. Mama-mukwe alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliweka mukono juu ya goti yangu. Alikuwa analia, mutoto wake alikuwa chini ya udongo siku mbili. Ule mukono ulikuwa muzito. Nikakaa.

"Sifa," nikasema, "kaa hapa. Karibu. Sikiliza mimi na masikio yote."

Nikamuambia mbele ya wote. Nyimbo ikasimama, wamama wakainama kusikiliza, na mimi nilitoa yote kwa sauti ndogo ya mujane: uzirudishe mu giza saa hii, zenye kupasuka weka kando, zenye bado nzima panguza mafuta na kitambaa kavu, kisha maji ya chumvi, kisha ugeuze, kesho ugeuze, kesho kutwa.

"Chumvi kiasi gani?"

"Mpaka yai inaelea."

Machozi ya Sifa ilikuwa inashuka mpaka ku kidevu. "Yai ya nani?"

"Ya kuku, Sifa! Ulitaka yai ya katekista?"

Mama-mukwe njo alicheka wa kwanza. Alicheka na machozi yake, akaficha uso mu kitambaa, na wote wakamufuata, ku kilio, mbele ya wageni. Ilipita. Tukalia tena. Lakini Sifa alikuwa amekwisha kukimbia.

Toka pale alikuwa anakuja ku mukeka kila asubuhi na kila mangaribi. Ananiletea vidole ninuse. "Hivi?" "Chumvi imepunguka." Ananiletea kipande ya ganda. "Hivi?" "Ile imekufa, tupa." Ku makumi ine, zilipasuka makumi mbili na tisa. Nilisikia hesabu ile na sikulia, nilikuwa nimemaliza machozi yangu ku muntu. Na siku moja, bila kuombwa, nilimuambia ya kikombe na ya ufa. Yeye hakujua kama namupatia kitu kikubwa. Alisema tu, "Ahaa, ku ufa," kama vile ninamuelekeza njia ya mutoni.

Siku ya soko ikafika, mimi niko ku mukeka. Sifa alibeba zile kumi na moja ku mugongo, akashuka peke yake. Mama Espérance alikata moja, akatafuna. "Hii ilipigwa na jua."

"Ndiyo Mama. Mimi njo niliianika. Sikujua. Mulamu wangu iko ku kilio."

"Na sasa unajua?"

"Sasa ninajua."

Yule mwanamuke, Sifa aliniambia, akamuangalia mikono. Alikamata zote kumi na moja, kwa bei ya fromaji ya kupigwa jua, kidogo sana. Akasema, "Mwezi yenye kuja nitaangalia nyumba yenu. Nyumba, si muntu. Nikikuta kitu ku mbao, tutaongea."

Kuweka kitu ku mbao, lazima maziwa. Na wachungaji walikuwa wamekwisha kuzoea kupita mbali na mulango wetu.

Siku ya kutosha kilio walinisimamisha, wakaninyoa, wakaniosha, wakanivalisha liputa ingine. Miguu ilikuwa imesahau kazi yake. Nilishuka kilima polepole, mama-mukwe amenishika mukono, na mbele yetu Papa Musafiri na watu wake ine, kila moja na gunia ya viazi ku kichwa, juu alikuwa amesema ile siku, na alikuwa muntu wa neno yake. Sikumuchukia. Nilikuwa ninatafuta tu maneno ya kuomba mwezi moja.

Mulango ulikuwa wazi. Moshi unatoka. Papa Musafiri akaita kwa nguvu, "Hodi! Tushushe wapi?" na akainua gunia ili aitupe chini.

Sifa akatokea ku mulango, mikono mitupu mpaka ku bega, jasho ku paji. Alikuwa mudogo wa familia, mwenye hakuna siku alimujibu mukubwa wake.

"Wee! Usitupe!" Alinyoosha mikono yote miwili. "Papa, nakuomba. Maziwa inakamata. Ukitikisa chini, itavunjika."

Papa Musafiri akabakia vile, gunia mu mikono, shingo imevimba. Nyuma yake wale watu ine wakasimama. Nilimuona anachungulia juu ya bega ya dada yake: sufuria kubwa, kitambaa safi juu yake, matumbo mbili ku moshi. Maziwa ya asubuhi ile, Sifa aliendea mwenyewe kwa wachungaji, mbele jua itoke, akaipima ku ukucha yake.

"Muda gani?" Papa Musafiri akauliza. Alikuwa ananongona.

"Mpaka ipasuke kama ini."

Alishusha ile gunia polepole sana, kama mutoto mwenye kulala. Akageukia watu wake, akaweka kidole ku mudomo. Kisha akakaa juu ya gunia yake, akatosha kofia ku kichwa, akangojea pamoja nasi.